MZEE ANICETI KITEREZA: MIAKA 35 AKISUBIRI KITABU CHAKE

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo.

Kuna vijana wengi tu wana hadithi zao ndani ya fleshi, wengine kwenye kaunta buku lililofichwa chini ya godoro. Ukiwauliza kitabu kinatoka lini, jibu ni lile lile: bado kidogo. Mara anasubiri hela, mara anasubiri mchapishaji amjibu, mara anasema Watanzania hawasomi. Miaka inakatika.

Sasa mzee tunayemzungumzia leo naye alikuwa na kitabu chake. Alikiandika mwaka 1945. Kikachapwa mwaka 1980. Piga hesabu mwenyewe, ni miaka 35. Na uchungu wenyewe ni kwamba hakuwahi kukishika mkononi.

Anaitwa Aniceti Kitereza. Waliosoma fasihi chuo wanamjua vizuri, maana riwaya yake iko kwenye mijadala ya walimu hadi Ulaya na Marekani. Lakini huku mtaani ukitaja jina hilo, mtu anaweza kudhani unamwongelea mchezaji wa zamani wa Pamba ya Mwanza. Ndiyo maana nimeona tumweke hapa, tumjue.

MTOTO WA UKEREWE

Ukerewe ni kisiwa kikubwa ndani ya Ziwa Victoria. Ukitoka Mwanza mjini unapanda meli mpaka Nansio. Ukizungukia Bunda, unavuka kwa kivuko pale Kisorya. Watu wake ni wavuvi na wakulima, na lugha yao ni Kikerewe, ambayo ni ndugu wa karibu wa Kihaya na Kizinza. Kabla wakoloni hawajaingia, kisiwa kilikuwa na ufalme wake. Mtawala aliitwa Omukama, na ukoo wa watawala ulikuwa Abasilanga.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, na kwa damu alikuwa wa ukoo huo huo wa watawala. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, akaenda kulelewa kwenye makao ya Omukama Mukaka. Hebu fikiria mtoto anayekulia sehemu kama hiyo. Kesi za mashamba zinaletwa pale, wageni wanafikia pale, ugomvi wa wake na waume unasuluhishwa pale, na wazee hawana haraka ya kumaliza maneno yao. Ukisoma kitabu chake unaona kabisa kwamba huyu mtu utotoni alikuwa anasikiliza.

Mwaka 1905 akaanza shule ya misheni ya Kagunguli, ya Mapadri Weupe, humo humo kisiwani. Mwaka 1909 akapelekwa seminari ya Rubya, kule upande wa Bukoba, akakaa miaka kumi. Alisoma Kilatini, akasoma falsafa na mambo ya dini, na akajifunza lugha kadhaa za Ulaya. Wakati anaingia Rubya nchi ilikuwa ya Wajerumani. Wakati anatoka, Vita Kuu ya Kwanza ilishapita na Waingereza ndio walikuwa wameshika.

Hapa naomba tuweke sawa jambo moja, maana mtandaoni kuna sehemu wanamwita padri. Hakuwa padri. Alitoka seminari mwaka 1919, akarudi uraiani, na mwaka huo huo akamuoa Bi Anna Katura.

NYUMBA ISIYO NA MTOTO

Ndoa ya Mzee Kitereza na Bi Anna ilidumu, lakini ilikuwa na jeraha. Hawakubahatika kubaki na mtoto aliyekua mtu mzima. Wadau mnajua jinsi ndugu wanavyokuwa katika hali hiyo, na hapo mnaongelea miaka ya 1920 na 1930, tena kijijini. Maneno hayakosi. Mwanaume anaambiwa aongeze mke wa pili, au amrudishe huyo kwao.

Kitereza hakufanya hivyo. Alikuwa Mkatoliki aliyeishika imani yake, akabaki na Bi Anna maisha yake yote. Mlishike hilo, litarudi huko mbele.

Kikazi, alifanya kazi Mwanza kwenye kampuni ya biashara ya Wataliano. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, na Italia ikawa upande wa adui wa Mwingereza, kazi hiyo ikaishia hapo. Akarudi Ukerewe, Kagunguli, akawa anaifanyia misheni kazi za ukarani na tafsiri. Kwa maneno mengine, alikuwa mtu wa kawaida wa kijijini mwenye kisomo kikubwa kuliko mshahara wake. Alikusanya hadithi za wazee, methali na maneno ya Kikerewe yaliyoanza kupotea.

KITABU CHENYEWE

Pale misheni kulikuwa na padri mmoja Mkanada, Almas Simard, aliyependa sana mila na lugha ya Wakerewe. Huyo ndiye aliyempa moyo mzee wetu aandike. Ushauri wake haukuwa kuandika orodha ya mila kama zile za kwenye vitabu vya watafiti. Alimshauri aandike kwa njia ya hadithi, ili watu wapende kusoma.

Mwaka 1945, akiwa na miaka 49, Kitereza akaandika riwaya yake kwa Kikerewe. Kwa Kiswahili inaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Jina refu kama treni, lakini ukilifahamu limebeba familia nzima: baba, mama, mtoto wa kiume na mtoto wa kike.

Stori yenyewe inaenda hivi, kwa kifupi. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana lakini hawapati mtoto. Ndugu wa mume wanamsema vibaya mke, wazazi wake wanachukia na kumchukua binti yao wanarudi naye kwao. Myombekere anabaki peke yake nyumbani, mwanaume mzima anahangaika na jiko na kuni. Badala ya kutafuta mke mwingine, anafunga safari kwenda ukweni kuomba radhi, na anatozwa faini ya pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Wakirudiana wanatafuta mganga, wanahangaika na dawa, na mwishoni wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, halafu wa kike, Bulihwali. Majina hayo yenyewe ni kilio. La kwanza lina maana ya mtu anayeishi na kifo siku zote, na la pili linauliza mateso yataisha lini.

Sasa unganisha na ile nyumba ya Kagunguli. Mtu aliyeambiwa aoe mke wa pili akakataa, anaandika kuhusu mtu aliyeambiwa aoe mke wa pili akakataa. Tofauti ni kwamba Myombekere alipata watoto.

Ndani ya hadithi hiyo kila kitu cha Ukerewe ya kabla ya wazungu kimo. Namna ya kulima, kuvua, kuwinda, kutengeneza pombe, kumpokea mgeni, kuzika, kuposa, kutibu. Kitereza alikuwa anaona vijana wa wakati wake wanaacha mambo hayo na wazee wanaondoka nayo kaburini. Ndiyo maana hakuwa na haraka katika kusimulia. Mtu akienda kumtembelea mwenzake kwenye kitabu kile, utaambiwa alisalimiwaje, alipewa nini, na alisindikizwa mpaka wapi.

SASA KWA NINI HAKIKUTOKA?

Hapa ndipo penye somo, wadau.

Kwanza ni lugha. Kitabu kilikuwa kwa Kikerewe. Serikali ya Mwingereza tangu mwaka 1930 ilikuwa na kamati ya kusanifisha Kiswahili, na vitabu vya shule Tanganyika vilifuata njia hiyo. Mchapishaji yeyote ukimpelekea kitabu kikubwa cha lugha inayosemwa kisiwani, swali lake la kwanza ni nani atanunua. Wasomaji wachache, hela haitarudi. Kibiashara huwezi hata kumlaumu.

Pili ni mitambo. Kuchapa kitabu wakati ule hakukuwa kama leo. Kulitakiwa kiwanda, herufi za risasi zinazopangwa moja moja, karatasi kutoka nje, na mtu wa kulipia vyote hivyo kabla hata nakala moja haijauzwa. Misheni zilikuwa na mashine zao, lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa katekisimu, vitabu vya sala na vya shule. Riwaya nene ya mambo ya kienyeji, yenye mizimu na waganga ndani yake, haikuwa mbele kwenye foleni.

Tatu ni fedha. Mtu wa leo anasema basi angejichapishia mwenyewe. Kwa mshahara upi? Karani wa misheni Kagunguli, mwaka 1945, vita ndiyo inaisha na karatasi ni adimu dunia nzima. Njia hiyo kwake ilikuwa imefungwa.

Padri Simard akajaribu njia nyingine. Akaanza kuitafsiri riwaya kwa Kifaransa, labda ikitoka huko itapata mlango. Kazi haijafika mwisho, padri akafariki. Mzee akabaki na muswada wake na hana mtu wa kumsemea.

Uhuru ukaja 1961. Azimio la Arusha likaja 1967. Kiswahili kikawa lugha ya taifa, shule zikaongezeka, watu wakafundishwa kusoma. Muswada bado uko Ukerewe.

ALIPOANZA UPYA AKIWA MZEE

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe mtu na mkewe kutoka Marekani, Gerald na Charlotte Hartwig. Bwana alikuwa mwanahistoria aliyekuja kuchunguza historia ya Wakerewe na biashara yao ya safari ndefu. Katika kutafuta wazee wanaojua, wakaelekezwa kwa Kitereza. Kumbe mzee hana kumbukumbu za mdomoni tu, ana riwaya nzima imelala.

Wakamwambia ukweli: kwa Kikerewe itakuwa ngumu, lakini kwa Kiswahili inawezekana. Hapo mzee alikuwa na zaidi ya miaka 70, anasumbuliwa na maradhi ya viungo, na Bi Anna naye ni mzee.

Jiulize wewe ungefanyaje. Umeandika kitabu kwa lugha ya mama yako, kwa sababu ulitaka lugha hiyo isife. Umesubiri zaidi ya miaka ishirini. Sasa unaambiwa sharti la kutoka ni kukiandika tena, chote, kwa lugha nyingine. Wapo ambao wangesusa. Wapo ambao wangesema basi, kama hawaitaki lugha yetu wasikisome.

Mzee Kitereza akakaa chini, akakitafsiri mwenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Mimi naona huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika maisha yake. Alilazimika kuchagua kati ya lugha yake na wasomaji. Akachagua wasomaji, lakini yaliyomo hakuyapunguza hata kidogo. Kiswahili chake si kile cha Unguja wala cha Tanga. Ni Kiswahili cha mtu wa ziwani, kinatembea taratibu kama mtu anayesimulia mbele ya moto. Wengine huwa wanakilalamikia kwamba kina maelezo mengi. Sawa, lakini kumbuka kilikuwa kinabeba dunia ya lugha nyingine.

Hata baada ya tafsiri kukamilika, kusubiri hakukuisha. Ulipita tena muongo mzima. Hatimaye Tanzania Publishing House, ile kampuni ya umma ya vitabu ya Dar es Salaam ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Walter Bgoya, ikaichukua. Kitabu kikapigwa chapa China, juzuu mbili, na mwaka uliowekwa ndani yake ni 1980. Halafu tena safari ya meli, bandari, mizigo.

Mzee Kitereza alifariki wakati wa Pasaka, Aprili 1981, akiwa na miaka 85. Kitabu chake kilikuwa kimeshachapwa. Yeye hakukiona.

KITABU KIKATEMBEA BILA YEYE

Baada ya hapo ndipo dunia ikashtuka. Mwaka 1991 juzuu ya kwanza ikatoka kwa Kijerumani, na mwaka 1993 ikafuata ya pili, mfasiri akiwa Profesa Wilhelm Möhlig. Kifaransa nacho kikafuata mwaka 1996 na 1999, ile lugha ambayo marehemu Padri Simard aliianza bila kuimaliza. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, kampuni aliyoianzisha Bgoya baada ya kuondoka TPH, ikatoa tafsiri ya Kiingereza. Mfasiri alikuwa Gabriel Ruhumbika, mwandishi na mwalimu wa chuo kikuu, naye ni Mkerewe. Ruhumbika hakutumia Kiswahili kama chanzo. Alirudi kwenye Kikerewe cha mzee mwenyewe.

Yaani ule muswada wa 1945, ulioambiwa hauna wasomaji, baada ya miaka 57 ukawa ndio chanzo cha kitabu kinachosomwa vyuo vikuu.

SASA TUSEMEZANE SISI

Sitaki mtu aondoke hapa na somo la kwenye kalenda, kwamba subira yavuta heri. Subira haikumpa Mzee Kitereza heri aliyostahili. Alistahili kukaa kibarazani Kagunguli, akiwa bado na nguvu zake, mtoto wa shule anakuja na kitabu anamuuliza swali. Hilo alinyimwa. Tukisema tu kwamba mwishowe kilitoka, tunajifariji wenyewe.

Wala hakuwa peke yake. Shaaban Robert, mkubwa kuliko wote, alifariki 1962, na riwaya yake ya Kufikirika ikachapwa 1967. Waandishi wetu wamezoea kuchelewa kuliko vitabu vyao.

Tuangalie vikwazo vyake vitatu kwa macho ya leo. Mitambo: kitabu sasa kinapangwa kwenye kompyuta hii hii uliyokalia, na kuna wapiga chapa wanaokubali kutoa nakala 50 au 100 tu. Lugha: hata kitabu cha Kikerewe, Kimakonde au Kizaramo kinaweza kutoka nakala chache kikauzwa kwa wenye lugha yao. Fedha: hii bado ni shughuli, tusidanganyane, lakini inatajika. Unaweza kuichanga. Kwake haikuchangika.

Ila tusiwe mashabiki wa kujichapishia tu na kusahau upande wa pili. TPH ilimpa mzee vitu ambavyo mtu peke yake hapati kirahisi: kitabu kilichopangwa vizuri, kilichofika maktaba, kilichoonekana na watafsiri wa nje. Ukijichapishia, wewe ndiye mhariri, wewe dereva, wewe muuza duka, na usipompa mtu mwenye jicho akusomee kwanza, makosa yote yanatoka na jina lako juu. Vijana wengi wanakimbilia mpiga chapa kabla kazi haijaiva. Mzee Kitereza alichelewa kuchapwa, hakuchelewa kuandika, wala hakuandika ovyo.

Na hapo ndipo mimi nachukua la kwangu kwake. Wale Wamarekani walipofika walikuta kazi ipo, imekamilika, imetunzwa. Hawakukuta mzee anayesema siku moja nitaandika. Mlango ulipofunguka kidogo tu, alikuwa na kitu cha kupitisha. Wangapi kati yetu leo mlango ukifunguliwa tuna sura ya kwanza peke yake, tena iko kwenye fleshi moja ambayo ikiingia virusi basi tena?

Kwa hiyo wadau, ushauri wa bure kutoka maisha ya mzee wa Kagunguli. Malizia kwanza. Weka nakala zaidi ya moja, sehemu tofauti. Mtafute mtu wa kukusomea asiyekuogopa. Halafu ukishaona imeiva, mpe mchapishaji muda wa kukujibu, lakini usimpe umri wako wote.

Na mkienda Mwanza, pandeni meli mkaione Ukerewe. Kitabu kikiwa kwenye maktaba ya karibu, kiazime, hata ukisoma kurasa kumi kumi. Ukifika pale Myombekere anapohangaika na jiko peke yake, utacheka, halafu utanyamaza.

Wenye watu wa Ukerewe humu, hasa mliosikia habari za mzee huyu kwa babu na bibi zenu, tiririkeni hapo chini. Na nyie wenye miswada chini ya magodoro, semeni ina miaka mingapi. Tusichekane.